Ukuta wa tofali usiuchore, uweke uzito wake

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini programu ya kukokotoa majengo inaipa ghorofa yako ya Fuoni, Unguja, nondo chache mno kwenye mabimu ilhali umechora kila kitu, hadi kuta za vyumba. Jibu limo humo humo: umechora hadi kuta za vyumba.

Na mimi nilipita hapo. Nyumba yangu ya mwanzo, Bububu, programu ilinipa nondo mbili za milimita 12 kwenye bimu la sebuleni la mita 5, nikafurahi. Mkubwa wangu kazini hakusema kitu. Alivuta kiti, akaufuta ukuta uliokalia bimu, akaweka uzito wake, akaendesha tena. Zikatoka nne za milimita 16. Niliona haya siku ile.

Ndani ya kompyuta ukuta umegandana na bimu, haupasuki, unahimili kuvutwa kama zege lenye nondo. Viwili hivyo vinakuwa bimu moja lenye kimo cha mita 3, na mzigo unakimbilia nguzoni. Kwenye saiti, fundi anaupandisha ukuta ule baada ya kufungua mbao, na mwakani mwenye nyumba anatoboa mlango.

Kwa tofali la inchi 6, plasta pande mbili, kimo mita 3, weka kilonyutoni 10 hadi 11 kwa kila mita ya bimu. Ni zaidi ya tani moja! Uwe kwenye kundi lake la mizigo, na kizidishio cha uzito wa jengo wenyewe kiwe sifuri. Programu tayari inalihesabu zege kwenye kundi la kwanza; ukiacha 1 kila kundi, linahesabiwa mara mbili.

Slabu ichore kama sheli, yaani bamba linalopinda, ukitaka momenti zake, yaani nguvu za kupindisha. Membreni, aina nyingine ya bamba kwenye programu, haipindi, inagawa mzigo tu.

Sinki na choo usihangaike navyo, vimo kwenye mzigo wa matumizi, yaani uzito wa watu na vitu vyao. Wengi huumia na bafu ambalo slabu yake imeshushwa ili mabomba yapite, kisha likajazwa kifusi. Kifusi cha sentimita 30 kinafika kilonyutoni 5 kwa mita ya mraba, na slabu ya milimita 150 yenyewe ni 3.75. Kifusi kinaipita slabu! Na tangi la lita 5,000 juu ya paa ni tani 5, lipeleke juu ya nguzo.

Ukipata kazi Mji Mkongwe, haya yageuze. Kule hakuna fremu ya nguzo na mabimu. Ukuta wa mawe na chokaa, nusu mita na zaidi, ndio unaobeba, kwa hiyo lazima uchorwe. Boriti za mikoko zinaukalia tu, usizifunge kama zege, wala sakafu yake usiifanye bamba gumu linalozifunga kuta zote zisogee pamoja.

Sasa futa zile kuta, weka mizigo, endesha tena, kisha tutupie hapa mchoro wa momenti ya bimu lako refu kuliko yote.