118 Iliyoniulia Injini

Juzi msomaji ameniandikia kwa hofu. Geji ya joto la injini ya gari lake inasoma 203, naye anajua maji huchemka kwenye 100. Kalizima gari kando ya barabara, anasubiri lipoe. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, maana mimi nilikosea upande wa pili, na mpaka leo linaniuma.

Nilikuwa nimezoea gari lenye geji ya Farenhaiti. Nikapata jingine, nikalichomekea kile kidude kinachosoma kompyuta ya gari, joto likawa linaonekana kwenye simu kwa tarakimu. Raha iliyoje! Siku ya siku napanda mlima mrefu, mzigo umejaa, simu inaandika 108, mara 113, mara 118. Nami niliyesifiwa hesabu tangu utotoni nikajiambia, 118 ni nini, lile la zamani si lilikuwa linakaa 200? Nikakanyaga mafuta. Kilichonisimamisha ni mvuke uliofunika kioo chote. Fundi alipofungua akakuta gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya injini na kichwa chake cha juu, imeungua na hedi yenyewe imepinda. Zile zilikuwa Selsiasi.

Na hesabu ya kugeuza Farenhaiti kuwa Selsiasi ni ya darasani: toa 32, gawanya kwa 9, zidisha kwa 5. Kama 118 ile ingekuwa Farenhaiti, ingetoka Selsiasi 48 hivi. Injini iliyopanda mlima nusu saa iwe na joto la maji ya kuoga? Thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nyingi hazianzi hata kufunguka kabla ya Selsiasi 80! Nilikuwa na simu yenye kikokotoo mkononi, jamani.

Sasa 203 ya msomaji wetu, ambayo ni Farenhaiti. Toa 32, zinabaki 171. Gawanya kwa 9 ni 19, mara 5 ni 95. Injini nyingi zikishapata moto hukaa kati ya 90 na 105, kwa hiyo gari lake ni zima kabisa. Wala maji hayachemki kwenye 100 humo ndani, kwa sababu kifuniko cha rejeta kinayabana. Kifuniko cha psi 15 (psi ni kipimo cha shinikizo) huyafikisha maji matupu 120 hivi kabla hayajachemka, na kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, huongeza tena. Ndiyo maana ukikifungua kikiwa cha moto yanakurukia usoni.

Ndugu zangu, tusiringie tarakimu tusizojua kipimo chake. Tazama kwanza kama ni C au F, ndipo uogope au utulie.

Msomaji karudi kuuliza kama atoe thamostati, maana kuna aliyemshauri hivyo ili gari lipoe. Nimemjibu aiache hapo hapo, injini isiyopata moto inakula mafuta bure na unyevu unabaki kwenye oili. Mimi nimebandika karatasi kwenye dashibodi yenye herufi moja tu, C. Abiria wakiniuliza ni ya nini, nabadili mazungumzo.