Jumamosi za Dodoma: barua kwa mwanangu

Mpwapwa, mwishoni mwa Aprili

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na ahsante kwa habari za wajukuu. Nimefurahi kusikia kwamba mmekwishahamia Iyumbu, huko Dodoma, na kwamba shule imepatikana. Swali lako limenikalisha barazani jioni mbili. Umesema kwamba baada ya miaka 12 ya Dar es Salaam, ambako kila Jumamosi watoto walikuwa na ufukwe wao, sasa wanakuuliza waende wapi, nawe hukumbuki mahali popote nilipokuwa nikikupeleka ulipokuwa mdogo. Je, Dodoma kuna mahali pa kupumzikia nje, au umewaleta kwenye mji wa ofisi na vumbi?

Nianze na linalonihusu. Nilikupeleka mara moja, ulipokuwa na miaka sita. Tulikwenda kupanda kilima cha majabali tukiwa na chupa moja ndogo ya maji, wewe umevaa kandambili, na tulianza saa nne asubuhi kwa sababu nilitaka kwanza nimalize kufua. Hatujafika nusu ya njia ukaanza kutetemeka na kutapika, nikakushusha mgongoni, na tangu siku hiyo sikuthubutu tena. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mji wetu haufai kwa matembezi, na imani hiyo ilikunyima mengi. Kilichokosewa siku ile kilikuwa saa.

Bahari humngoja mtu wakati wowote anapoifikia, lakini Dodoma ina saa zake, na anayezifuata hupata raha ambayo Pwani haina. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku hupoa vizuri na alfajiri huwa na hewa nyepesi. Lakini kivuli ni haba, na majabali yakishapigwa jua hadi saa nne huanza kurudisha joto lile usoni mwa anayepanda. Basi siku ya matembezi iwe na vipande viwili: kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni hadi giza linapoingia. Katikati, watoto walale au wasome.

Asubuhi ni ya vilima. Majabali yale makubwa yanayochomoza kila upande wa mji ndiyo hazina yetu ya kwanza, na lile ambalo wengi wanalijua kwa jina la Lion Rock linafaa kwa watoto wenye umri wa wako, mradi wawe na raba miguuni na mtu mzima atangulie. Wafundishe kukaa kimya wakifika kwenye nyufa za mawe, maana pimbi hutoka kuota jua la kwanza, nao hukimbia wakisikia kelele. Wafundishe pia kumwamkia kila mtu wanayekutana naye kwenye vijia, hasa wachungaji wa mbuzi. Kwa Wagogo, neno moja tu la mbukwa, yaani salamu yao, humfanya mgeni aonyeshwe njia nzuri kuliko ile aliyokuwa akiifuata.

Jioni ni ya bustani. Ile ya Chinangali hukuiacha ulipoondoka. Ina mahali pa watoto kuchezea, nawe utapata kuketi bila kuwakimbiza kila dakika. Nyerere Square iko pale pale katikati ya mji, na wakati wa magharibi, jua likiwa nyuma ya sanamu ya Mwalimu na watu wakipiga picha, mimi napaona kuwa pazuri kuliko kumbi nyingi za kulipia.

Majira nayo yana neno. Mvua zetu ni chache, takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Katika miezi hiyo usiwaruhusu watoto kucheza ndani ya korongo hata kama ni kavu na anga ni safi, kwa maana mvua iliyonyesha mbali, upande wa milimani, huweza kulijaza ghafla. Kuanzia Juni upepo ni mkali na asubuhi zinataka sweta. Ukifika Novemba, tafuta mbuyu wenye maua yaliyofumba, mketi chini yake na mkeka jioni. Ua la mbuyu hufunguka jua likizama, popo hulijia usiku, na kesho yake limenyauka. Niliishi Dodoma miaka 20 kabla ya kuliona hilo kwa macho yangu, na nisingependa wajukuu wangoje kiasi hicho.

Bwawa la Hombolo, lililojengwa miaka ya 1950 upande wa kaskazini-mashariki, ni la kutazama ndege na kununua samaki. Wasiingie majini, kwa sababu ya kichocho. Safari ndefu kidogo iwe Kolo, huko Kondoa, karibu kilomita 180 kwa barabara ya lami, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mtachukua mwongozaji ofisini pale Kolo. Waambie watoto mapema kwamba wenyeji bado wanafanya matambiko Mongomi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro, ili waingie kwa adabu.

Sasa jambo linaloniuma. Mpango mkuu wa mwaka 1976, uliochorwa na wataalamu kutoka Canada baada ya uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, uliuwaza mji wa watu wanaotembea kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi, wenye maeneo ya kijani kati ya mtaa na mtaa. Kile kiwanja cha nyuma ya nyumba yetu ya Makole, ulikojifunzia baiskeli, kilikuwa eneo la wazi la namna hiyo. Siku moja kilizungushiwa ukuta, nasi majirani tulinung'unika mlangoni kwetu badala ya kwenda kuuliza. Wewe nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uulize ni viwanja gani kwenye ramani ya Iyumbu vimeachwa wazi kwa ajili ya watu wote, kisha uvitumie kila juma na watoto wako. Pandeni mwarobaini au mkungugu, na ule mti uwe na zamu ya kumwagiliwa hadi mvua ya pili, kwa sababu miche mingi Dodoma hufa Agosti, si siku ya kupandwa.

Mvua zinakatika, na Mei ndiyo bora kuliko miezi yote: nyasi bado mbichi, vumbi halijainuka. Nitakuja kwa basi Ijumaa ya kwanza ya mwezi huo. Jumamosi waamshe watoto saa kumi na moja, uwape uji mwepesi, na kila mmoja abebe maji yake, lita moja na nusu. Viazi vitamu nitachemsha mimi. Safari hii nataka tufike juu pamoja, mimi na wewe.

Mama yako