Hapa Anapita Nani, Twiga?

Juzi niliweka picha ya Liemba yangu, mfano wa ile meli ya Ziwa Tanganyika niliouunda kwa maboksi, na kabla ya magharibi simu ilikuwa imejaa ujumbe. Dada mmoja kauliza: "Kaka, unatumia gundi gani? Yangu inapinda kama ndizi." Nitamjibu, ila kwanza mnisikilize.

Liemba yangu ya kwanza niliijenga kwa kukisia tu. Sisi tuliokulia Kigoma nani asiyeijua ile meli? Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua, ikaletwa ziwani ndani ya makasha. Nikasema, kama wao waliiunga hapa, na mimi nitaiunga sebuleni. Miezi mitatu ya maboksi ya biskuti, mke wangu akifagia vipande chini ya kochi. Nikampelekea mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi melini. Shikamoo, marahaba, akavaa miwani, akaweka kidole mlangoni. "Hapa anapita nani, twiga?"

Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani sikucheka. Meli ina mita 71 hivi, yangu sentimita 71. Moja kwa mia, basi mlango wa mita mbili ni sentimita mbili. Wangu ulikuwa na nne! Pimeni kwanza, ndugu zangu.

Ya pili nilipima kila kitu. Vidirisha vya duara nilivitoboa kwa kipande cha antena ya redio mbovu nilichokinoa mdomo, milimita nne kila kimoja, safi kama vya kiwandani. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna atakayenisemea.

Bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni aliiona, akaagiza mfano wa jengo lake, akatoa kianzio. Siku ya kukabidhi akaugeuzageuza: "Lakini si maboksi tu haya?" Salio sijaliona, huu mwaka wa pili. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri sana. Ninyi mnaotaka kuuza, kazi isitoke mlangoni kabla hela haijaingia. Na msiione haya kazi ya mikono yenu. Anayeiita takataka mpe wembe na rula, akae chini ajaribu.

Haya, gundi. Nyeupe ya mbao, na uipake kama siagi ya tarehe 28, mshahara haujatoka. Maji yaliyomo ndiyo yanayopinda boksi. Bandika, weka katikati ya magazeti, juu matofali mawili, mpaka kesho. Boksi nene lenye mifereji libaki ndani liwe mbavu. Ubavu unaojikunja kuelekea omo, yaani mbele ya meli, utumie boksi jembamba la dawa ya meno. Na kupima, nimeshasema.

Halafu vanishi, ndani na nje, nyembamba mara tatu. Wajerumani walipoizamisha meli wenyewe mwaka 1916 walizipaka injini grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mimi sikupaka kitu. Mvua za mwaka juzi bati likavuja, ile ya kwanza ikawa uji juu ya kabati.

Ya pili nayo nilimpelekea mzee. Akaweka kidole mlangoni, akanyamaza muda mrefu. "Na ngazi ya kupandia abiria?"

Vipago kumi na viwili viko chini ya tofali, vinakauka.