Jaribu kihesabu hatua kabla ya kumpima mwenye ataksia

Mwenye ataksia ya kurithi, ugonjwa adimu unaovuruga uwezo wa mwili kujisawazisha, hutembea polepole, miguu ameitanua, hatua moja ndefu na inayofuata fupi. Vihesabu hatua vingi vimetengenezwa kwa mwendo wa mtu mwenye afya. Mtu akitembea taratibu sana, vifaa hivyo huziruka hatua nyingi. Kwa hiyo usiandike namba yoyote daftarini kabla ya kukijaribu kifaa kwa mgonjwa mwenyewe.

Mvalishe, atembee, nawe uhesabu hatua zake 100 kwa mdomo. Kifaa kikisoma kati ya 90 na 110, kinafaa. Kikisoma 60, kihamishie kwenye kifundo cha mguu urudie. Vingine vya kifundoni huhesabu mguu mmoja tu, hivyo vikisoma 50 zidisha mara mbili. Cha mkononi hakimfai anayesukuma fremu ya kutembelea: mkono umetulia huku miguu inakwenda. Kisha mkalishe dakika 10 akimenya mihogo. Kikiongeza hatua hapo, kinahesabu mtikisiko wa mkono. Bodaboda kwenye barabara mbovu hufanya vivyo hivyo, basi akivue kabla ya kupanda.

Kasi ipimwe kando. Kigoma mjini ni vilima, na mteremko unadanganya. Mchanga wa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, nao unamchosha bure. Tafuta korido ya shule yenye sakafu ngumu. Chora kwa chaki mita 14: mbili za kuanzia, 10 za kupima, mbili za kupunguzia mwendo. Washa saa ya simu anapovuka alama ya pili, izime anapovuka ya tatu. Rudia mara tatu, chukua wastani. Sekunde 20 ni nusu mita kwa sekunde. Avae viatu vilevile kila kipimo, vyenye kushika kisigino, wala si kandambili. Msaidizi akae nyuma kidogo, ubavuni: akitangulia, mgonjwa atafuata mwendo wake, na akianguka hatamdaka.

Hatua za kila siku zipimwe siku 7 mfululizo, kifaa kikivaliwa angalau saa 10 kwa siku. Zikipatikana siku 4 kamili, tunazikubali. Pembeni andika fimbo aliyotumia, mvua, siku ya gulio au ibada, na kila alipoanguka. Hatua zikiongezeka huku anaanguka zaidi, hayo si maendeleo, na daktari anapaswa kuyajua mapema.

Wengi hurudia kipimo baada ya miezi sita. Huku kwetu hapo kuna mtego: ukipima Juni kiangazi na kurudia Desemba njia zikiwa tope, utadhani ugonjwa umeruka ghafla kumbe ni mvua. Linganisha Juni na Juni. Zile mita 10 za koridoni ndizo unazoweza kuzirudia mwezi wowote.