Barua kwa Mwanangu Kuhusu Amani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na salamu za wajukuu zimenifurahisha sana. Umeuliza inakuwaje kijiji kidogo kama Amani, huku juu milimani Muheza, kijulikane na wataalamu wa Ulaya kuliko watu wa Tanga mjini, na utakapokuja na wenzako wa kazini uwaonyeshe nini. Nakujibu kwa kirefu, kwa kuwa nisingependa wapite hapa, waone kijani kibichi tu, kisha wageuze gari.

Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani waliitazama miti mirefu ya Usambara Mashariki wakaamini kwamba chini yake pana udongo wenye rutuba isiyokwisha, wakafyeka msitu na kupanda kahawa. Kahawa ikadorora. Udongo wa milima hii ni wa kale, una tindikali, na mvua zinazoletwa na pepo za Bahari ya Hindi zimeuchuja kwa muda mrefu mno. Chakula cha miti kimo katika majani yanayoanguka na kuoza, na mizizi hukinyonya kabla hakijazama. Anayeuondoa msitu huondoa na mbolea yake. Chai ndiyo iliyokuja kuvumilia tindikali hiyo, na ndiyo maana leo unaiona Monga, Bulwa na Kwamkoro.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti wa mimea na kilimo chini ya Franz Stuhlmann, wakaleta miche kutoka pande nyingi za dunia: mikwinini, mikarafuu, midalasini, miti ya mpira na ya mbao. Bustani ile ndiyo unayopita ndani yake ukielekea majengo ya zamani. Waingereza walikifufua kituo mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa maoni yangu kazi bora kuliko zote ilifanyika wakati huo, ingawa wageni wachache huisikia. Muhogo ulikuwa ukiangamizwa na ugonjwa wa majani uitwao batobato, basi watafiti wa Amani, akiwamo H. H. Storey, wakauzalisha na mti wa mpira ulio ndugu yake ili kupata muhogo unaostahimili ugonjwa huo. Vizazi vya mbegu hizo vilikuja kutumika hata Nigeria. Utafiti wa kilimo ulipohamishiwa Muguga, Kenya, majengo yakachukuliwa na watafiti wa malaria, na kituo cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilichotokana nao bado kinaitwa Amani ingawa shughuli zake nyingi ziko Muheza.

Sasa kuhusu cha kuonyesha. Anzeni Sigi, kwenye nyumba ya mkuu wa stesheni ya ile reli nyembamba iliyotoka Tengeni kufuata mbao, kisha mpande polepole hadi Amani, iliyo karibu mita 900 juu ya bahari. Karibu na mto, mwombeni mwongozaji awaonyeshe ua ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alilipeleka Ujerumani, likaitwa Saintpaulia mwaka 1893 na sasa linauzwa katika vyungu duniani kote. Hapa hukaa kwenye mwamba wenye kuvumwani, mahali jua lisipofika: majani manene yenye vinyweleo laini yamelala juu ya jiwe, na katikati pametokeza maua ya zambarau yenye vitone viwili vya manjano. Msiling'oe wala msikate miti inayolifunika, maana kivuli kikiondoka nalo linakufa.

Jambo ninalotaka wenzako waelewe zaidi ni kwamba si kila mti mrefu hapa ni wa hapa. Waonyeshe mhesi, wenye shina lililonyooka. Asili yake ni upande wa Ziwa Victoria na Uganda. Uliletwa ukapandwa, na magogo yalipovunwa kwa wingi katika miaka ya 1970 na 1980, uliota katika kila uwazi ulioachwa, huku hondohondo wakila matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Mtu asiyeambiwa ataona msitu umejirudi. Mimi kila ninapoona mihesi mitupu katika bonde ambalo zamani lilikuwa na mchanganyiko wa miti, nasononeka, kwa sababu viumbe vingi vya hapa, kama yule kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu puani, havipatikani nje ya milima hii na jirani zake. Mwaka 1997 eneo hili lilifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia, ya kwanza nchini, na baadaye wakulima wa eneo jirani la Derema walilazimika kuacha iliki zao zilizostawi chini ya miti ili misitu iungane. Walilipwa fidia, lakini usiwaambie wageni kwamba lilikuwa jambo jepesi. Iliki ilikuwa ada ya shule.

Ukikutana na wale wa Tanga mjini, waambie kwamba maji ya bombani kwao hutoka Mto Sigi kupitia bwawa la Mabayani, na mto huo huanzia kwetu.

Njooni Januari au Februari, kwa kuwa wakati wa masika barabara ya kupandia huteleza na magari hukwama. Niarifu idadi yenu mapema, nami nitaongea na mwongozaji anayeijua vizuri njia ya kilima cha Mbomole.

Ni mimi baba yako