Mpwa wangu, lugha hazinilipi

Umeniuliza kati ya Kiebrania na Kiuighur kipi chepesi na kipi kinalipa, maana hapo Ngamiani, Tanga, imevuma kwamba mjomba wako ni mkalimani mkubwa Istanbul. Sijui nani kaeneza hayo, lakini yameniudhi. Mimi ninaosha vyombo na kukanda unga katika mkahawa wa Wauighur, watu wa kaskazini-magharibi mwa China, mtaa wa Zeytinburnu. Sijalipwa hata senti moja kwa kutafsiri.

Kiebrania nilikipata Israel, jangwani Arava, mwaka 2016, nilipokwenda kujifunza kilimo kwa miezi 11. Darasani siku moja kwa wiki, zilizobaki ni kuchuma pilipili hoho. Pilipili wanaiita pilpel. Tukihesabu makreti nasikia shesh, sheva, tesha, nami moyoni najibu sita, saba, tisa. Ishirini ni esrim, mia ni mea, elfu ni elef. Nafsi ni nefesh, damu ni dam. Maneno yetu hayo tuliyatwaa kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Basi nikajiona nitakimaliza kwa miezi mitatu.

Sikukimaliza, kwa sababu nilichofundishwa kilikuwa cha kuamrishwa tu. Maher, haraka. Od, ongeza. Lo, hapana. Miezi 11 hakuna aliyeniuliza nimeamkaje, na mpaka leo siwezi kumpa mtu pole kwa Kiebrania. Kusoma nako ni kazi: herufi 22, irabu kwa kawaida haziandikwi, lazima neno ulijue kwanza ndipo ulisome.

Kiuighur nacho huandikwa kutoka kulia, ndiyo maana mnadhani zinafanana. Hazina undugu. Hiki ni jamaa wa Kituruki, na Kiuzbeki ndicho kilicho karibu nacho zaidi. Herufi ni zile za Kiarabu, ila wamezitengeneza zikawa 32 na kila irabu, zote nane, ina herufi yake. Babu, aliyekuwa akituandikia barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alihangaika maisha yake yote kutenganisha o na u. Hawa walilimaliza tatizo hilo. Utakuta kitab, waqit, dunya, jawab, na huhitaji nikufasirie. Pilau wanaiita polo.

Na umbo lake ndilo lililonishangaza. Bala ni mtoto, balilirimizgha ni "kwa watoto wetu", neno moja, kama sisi tunavyosema sitakuambia, ila sisi tunapakia mbele na wao wanapakia nyuma. Mwanamume na mwanamke wote ni u, kama yeye yetu, wakati Kiebrania kila kitenzi kinataka kujua unasema na mume au mke. Kwa hiyo kwetu sisi Kiuighur ni chepesi. Jibu lako ndilo hilo. Kulipa, hakilipi. Usije kwa ajili ya lugha. Ukija, jifunze Kituruki kabla hujapanda ndege, la sivyo watakuamrisha kama walivyoniamrisha mimi. Lakini maliza chuo cha ufundi kwanza. Na pasipoti ikitoka ichukue, usiiache, huwezi kujua.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo linaloniumiza.

Mpishi wetu, ambaye namwita aka, yaani kaka, pasipoti yake imekwisha muda, na kila akiomba mpya anaambiwa akaichukulie kwao China. Hawezi kurudi, na kusafiri kwenda pengine hawezi. Mwanamume huyo kila Jumamosi, akishavua aproni, anakaa meza ya nyuma na watoto sita wa Kiuighur anawafundisha herufi zile 32. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mwaka 2017 idara ya elimu ya Hotan, huko kwa Wauighur China, iliagiza Kiuighur kisitumike mashuleni, na kwamba Abduweli Ayup, aliyefungua shule ya chekechea ya Kiuighur mjini Kashgar, alikamatwa mwaka 2013. Nikamsimulia na mimi niliyoyasikia Arava: Eliezer Ben-Yehuda alifika Jerusalem mwaka 1881, mwaka uliofuata akapata mtoto, akaapa mtoto huyo asisikie lugha nyingine nyumbani ila Kiebrania, wakati ule lugha ya vitabu na sala. Mwaka 1922 Waingereza, waliokuwa wakiitawala nchi hiyo, wakakiandika miongoni mwa lugha rasmi za Palestina. Aka akanyamaza, kisha akaniuliza: binti yako anasema lugha gani?

Ana miaka 6, kazaliwa hapa. Mama yake ni wa Mwanza, mimi ni wa Tanga, na hajui Kiswahili. Mimi naondoka saa tatu asubuhi narudi usiku wa manane, mama yake anasafisha vyumba hotelini. Mtoto amelelewa na jirani na televisheni. Bibi yako akipiga simu na kusema "hujambo mjukuu wangu," binti ananirudishia simu na kuuliza kwa Kituruki, anasema nini? Bibi hucheka. Mama yako kaniambia akikata simu hulia.

Hakuna serikali iliyonikataza Kiswahili, wala sikuhitaji kujificha meza ya nyuma. Kila mwezi nilituma pesa nikaona nimemaliza. Mtoto akilia nilimpa simu achezee, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Hata tofauti ya saa hatuna, saa za Istanbul na za Tanga ni moja. Sina pa kujifichia, mpwa wangu.

Basi nifanyie hili. Jumamosi saa tisa alasiri nimeombea ruhusa, na aka kanipa pembe ya meza yake. Mwambie bibi apige saa hiyo, aanze na Paukwa, na asubiri. Binti hatajua kuitikia Pakawa, mara ya kwanza wala ya pili. Msimcheke, na wewe usimsaidie kwa Kiingereza chako cha shule. Na ukisikia mtu anakuja huku, mpe kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza, chenye picha. Pesa yake nitatuma Ijumaa.