Jibu: Mkuu, usilipie hiyo sumaku kabla hujajua kipande utakilaza vipi

Mkuu, simamisha malipo. Umeandika uko Lindi, unataka kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha sita gadoliniamu, ile metali inayovutwa na sumaku, inavyopata joto ikiingia kwenye sumaku na kupoa ikitoka. Ukauliza ununue sumaku gani na kipimajoto gani. Kisha ukaweka picha ya bamba la gadoliniamu la milimita 25 kwa 25, unene 1, limelazwa bapa juu ya uso wa sumaku. Hapo ndipo pesa inapozama, na ya kwangu ilizama hapohapo.

Kwanza hiyo "tesla 1.4" ya kwenye tangazo la sumaku (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Ni usumaku unaobaki ndani ya sumaku yenyewe ya neodimiamu, daraja la N52, si uga, yaani nguvu ya sumaku inayotoka nje, utakaoupata hewani. Weka kipima uga usoni pa tofali moja la kawaida la sumaku, utasoma 0.4 au 0.5. Wauzaji wanalijua hilo na bado wanaiandika kwa herufi kubwa, huku mwalimu wa watu anajibana akidhani ananunua tesla moja na nusu. Inaniudhi mno.

Lakini hata ungepewa tesla 1 kamili, ulazaji huo unaila. Gadoliniamu ikipata usumaku, nyuso zake mbili zinaota ncha, na ncha hizo zinazaa uga unaopingana na ule wa nje. Uga ukilipita bamba jembamba kwa njia ya unene wake, kigezo cha upinzani, yaani namba inayoonyesha upinzani huo ni mkubwa kiasi gani, ni karibu 0.9. Kwenye nyuzijoto 20, tesla 1 ya nje inabaki karibu nusu tu ndani, na spini za atomi, visumaku vidogo ambavyo kupangwa kwake ndiko huleta joto, hupangwa na huo wa ndani. Badala ya joto kupanda nyuzi 2.5 hadi 3, utaona 1.5 hivi. Hapo utamlaumu aliyekuuzia gadoliniamu, au utaagiza sumaku kubwa zaidi na kulilaza bamba vilevile.

Kwa hiyo likate. Kijiti cha milimita 10 kwa 5 kwa 1, na zile 10 zielekee kutoka sumaku moja kwenda nyingine: kigezo kinashuka chini ya 0.1. Sumaku ziwe mbili, ncha zinazovutana zitazamane, pengo milimita 12, na nyuma yake fremu ya chuma yenye umbo la C ili uga usitawanyike. Wakati wa kufunga weka kabari za mbao katikati, maana zikirukiana zinavunja kidole. Kata kwa msumeno wa mkono, polepole. Grainda usiguse, chenga zake hushika moto. Na usirundike vijiti vikagusana. Vikishakuwa kama mchemraba, kigezo kinarudi theluthi.

Jambo la pili ni hali ya hewa yetu. Joto la Curie la gadoliniamu, ambalo ikilivuka inapoteza usumaku wake wa asili, ni kama nyuzi 20, na kilele cha badiliko la joto kiko hapo. Saa nane mchana huku Kusini hewa ikiwa 30, umeshakivuka. Ingiza fremu nzima kwenye boksi jeupe la kubebea samaki, weka chupa za barafu pembeni, subiri kijiti chenyewe kisome 20. Ukimaliza kikaushe, kihifadhi kwenye chupa yenye silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu. Upepo wa bahari unakila hadi kinabanduka maganda.

Kipimajoto: themokapo (nyaya mbili za metali tofauti zilizoungwa ncha) aina ya T, waya wa milimita 0.1 au mwembamba zaidi. Kijiti kina gramu 0.4 tu, waya mnene utakinyonya joto kabla hujasoma. Aina ya K ina waya unaovutwa na sumaku, kwenye uga inadanganya. Sokota nyaya zake pamoja, ingiza kijiti ndani ya sekunde moja, soma, subiri kirudi 20, ndipo ukichomoe.

Kabla ya kulipa, chora mstari wa uga ukipita kwenye kipande, uweke mchoro hapa. Ukiona unapita njia fupi, ya unene, pesa ibaki mfukoni.